Kitanda Chenye Joto

Paukwa!

— Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mna homa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ikiitwa Bondeni. Mtawala wake alikuwa Mtemi Kiboko. Mtemi Kiboko alitaka nchi yake ivume. Alitaka wafanyabiashara. Alitaka majina makubwa. Akamtuma Kunguru apige mbiu.

"Kraa! Kraa! Njooni Bondeni! Maji tele! Nyumba bure! Ushuru hakuna, miaka mitatu! Nchi inakua!"

Mbali huko, kwenye majabali makavu, aliishi Bi Pimbi, msusi wa mikeka. Alikuwa na mume na watoto watatu. Kisima chao kilikuwa kimekauka. Watoto walilamba umande juu ya mawe.

Mume akasikia mbiu. "Mke wangu, tufunge mizigo."

"Ngoja kwanza," akasema Bi Pimbi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona nchi hii inatembezwa mpaka huku kwetu?"

"Kiu haina methali," mume akasema.

Wakafunga mizigo. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Wakafika Bondeni.

Maji yalikuwepo kweli! Watoto wakanywa, gugu, gugu, gugu! Nungunungu alikuwa amefungua duka la mihogo. Ngiri alikuwa anafinyanga vyungu na kuviuza. Kunguru akawaonyesha nyumba: shimo refu, zuri, ukuta laini, mlango unatazama mawio ya jua.

Bi Pimbi akaingia. Akagusa kitanda cha majani. Kilikuwa na joto.

Akatazama ukutani. Akaona alama za kucha kubwa. Chini yake akaona alama ndogo, zimekwenda upogo, kama za mtoto anayefundishwa kuchimba.

"Kunguru, nani alikaa humu?"

"Hakuna. Nyumba mpya hii."

"Mpya, na majani yana joto?"

"Ni jua hilo."

"Jua limefikaje huku chini?"

Kunguru, purr! Akaruka.

Bi Pimbi akaenda kwa Nungunungu. "Jirani, nyumba yako ilikuwa ya nani kwanza?"

Nungunungu akatazama nyuma yake. "Sikuuliza, dada. Nchi inakua."

Akaenda kwa Ngiri. Ngiri naye akatazama nyuma yake. "Nchi inakua."

Maneno yale yale. Bi Pimbi hakuyapenda.

Kesho yake akaona nyasi zimelala, kama kundi kubwa limeswagwa juu yake. Akazifuata. Akapanda kilima, akashuka upande wa pili. Akasikia ko! ko! ko! Walikuwa Wahanga, wale wachimbaji wa mashimo, wazee kwa watoto, wanachimba mwamba juani wakitafuta maji.

"Nani mwenye nyumba inayotazama mawio?" akauliza.

Mhanga mmoja akainua uso. Kucha zake zilikuwa zimekatika.

"Mimi. Mtemi alisema sisi hatuleti biashara. Alisema mgeni haji nchi iliyojaa. Akatutoa." Kisha akauliza, "Wewe ndiye uliyepewa? Watoto wako wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Vizuri. Wangu bado."

Bi Pimbi akarudi kichwa kimeinama. Akamweleza mumewe. "Nyamaza, mama watoto! Ukisema, tunarudi kulamba mawe."

Siku ya baraza ikafika. Mtemi Kiboko akakaa mbele, mgongo wake ukielekea maji. "Wageni wangu, nchi inakua, haikui?"

"Inakua!"

Bi Pimbi akasimama.

"Mtemi, nimelala kwenye kitanda chenye joto la Mhanga. Siku akija mgeni mwenye mali kunizidi, mimi utanitupa wapi?"

Nungunungu akaacha kutafuna. Chungu kikamponyoka Ngiri, pwaa!

"Na mimi je?" akauliza Ngiri.

"Na mimi?" akauliza Nungunungu.

"Nyie ni tofauti!" Mtemi akanguruma. Akapanua kinywa amshike Bi Pimbi. Nungunungu akasimamisha miiba, chakaraka! Ngiri akatoa pembe za mdomoni. Mtemi akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, chubwi! Majini, na hakuthubutu kutoka.

Wakajaza vyungu vya Ngiri maji, wakavuka kilima. Watoto wa Wahanga wakanywa kwanza. Mhanga akanywa mwisho.

Wahanga wakarudi makwao. Bi Pimbi akaanza kukunja mkeka wake aondoke. Mhanga akamtazama, kisha akawatazama wale watoto watatu.

"Uweke chini huo mkeka," akasema. "Mimi kuchimba ndiyo kazi yangu." Akaanza na kucha zake zilizobaki, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka jioni pakawa na chumba cha pili.

Ngiri hakukaa. Alisema mdomo wa Mtemi ulimficha jambo moja, basi una mengine. Akabeba vyungu vyake, akaondoka.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: nchi ikikuita kwa sifa, uliza kwanza waliokuwamo wako wapi. Kumtoa mwenyeji ili mgeni apate pa kulala si kukua.

Hadithi yangu naitua hapo. Aliyeisikia amsimulie aliyesinzia.