Maharage Mawili Kibuyuni

Siku ile ya kikao walikuwepo Mwalimu Mmbaga, mkuu wa shule. Mzee Mjema, mwenyekiti wa wazazi. Mama Kaanaeli, mpishi. Baba Zefania, ambaye hajawahi kukaa kikaoni akanyamaza. Wazazi wengine sitini. Na Nakijwa, mama yake Nietiwe, akiwa amebeba mtoto mchanga mgongoni, na fundo dogo kwenye pindo la kanga yake. Wanafunzi hawakuwepo. Ilikuwa Jumamosi.

Shule yenyewe ni sekondari ya kata, huko Upare mlimani, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi.

Ofisi ya elimu ilikuwa imeuliza swali moja tu: je, wazazi mmeridhika na shule ya watoto wenu?

Mzee Mjema alisimama, akakohoa.

"Karatasi sizitaki," alisema. "Hapa kila mtu anaujua mwandiko wa jirani yake, na asiyejua kuandika atamwomba jirani huyo huyo amwandikie. Leo tutapiga kura kwa punje."

Kila mzazi akapewa punje mbili, moja ya mahindi na moja ya harage. Kibuyu kiliwekwa peke yake juu ya dawati, darasa la jirani.

"Aliyeridhika atie mahindi," mzee alieleza. "Asiyeridhika atie harage. Punje inayobaki uifumbate, usimwonyeshe mtu."

"Na mwenye njaa je?" Baba Zefania akauliza.

"Mwenye njaa asubiri makande. Yanaiva, mahindi na maharage pamoja."

Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka.

Wiki tatu kabla ya hapo, siku ya Ijumaa, binti yake Nietiwe, wa kidato cha kwanza, alirudi nyumbani na viatu vyeusi vya ngozi. Havikuwa vipya, lakini vilikuwa vimepakwa dawa mpaka vinang'aa, kisigino kimeshonwa upya, na vilimkaa mguuni kana kwamba fundi alimpima yeye.

"Viatu hivyo umevipata wapi?" Nakijwa aliuliza.

"Nimevikuta mlangoni, mama."

"Mlango gani?"

"Wa darasa. Tulivua viatu tukaingia kudeki. Nilipotoka, vyangu havipo, vipo hivi."

"Nietiwe, viatu havioti mlangoni kama uyoga."

"Ndivyo ilivyokuwa, mama. Sijui nani kaviweka."

Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali. Jibu halikubadilika. Kisha akakichukua kiatu kimoja, akaingiza mkono mpaka kwenye ncha, akatoa kipande cha uzi wa katani kilichopigwa fundo moja.

Akaunyoosha uzi ule juu ya goti. Msichana wa miaka kumi na minne, viatu asivyoweza kueleza vilikotoka, na uzi uliofungwa fundo ukafichwa ndani. Kwa mama mwenye binti, mambo hayo yakikaa pamoja yana maana moja tu. Kuna mwanamume.

Hakumwambia mtu. Aliufunga uzi kwenye pindo la kanga, akampigia simu mdogo wake aliyeko Tanga.

"Jumatatu baada ya kikao nakuletea Nietiwe. Akae kwako, ajifunze cherehani. Habari ya shule iishe."

Nietiwe alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha kulia, akawa anaosha vyombo kimya kimya, na hilo ndilo lililomuumiza Nakijwa zaidi. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba. Hakuna kitu alichokitaka duniani kuliko kumwona binti huyu akifika kidato cha nne. Lakini shule gani hii, mtoto anaondoka na viatu hivi anarudi na vingine, na hakuna mwalimu anayeuliza?

Basi zamu yake ilipofika aliingia lile darasa la jirani. Ubaoni palikuwa na somo la jana, na pembeni mtu ameandika kwa chaki, "Msifute, Elineema alikuwa mgonjwa, atanakili Jumatatu." Nakijwa akalisoma mara mbili. Mkono ukasita juu ya kibuyu. Kisha akaukumbuka uzi, akatia harage. Likalia tak, akatoka.

Watu walipomaliza, Mzee Mjema alikimwaga kibuyu kwenye ungo, akahesabu kwa sauti. Punje za mahindi zilikuwa sitini na mbili.

Maharage yalikuwa mawili.

"Mawili!" Baba Zefania akapiga paja. "Nani hao? Shule hii, mto ukijaa mwalimu anawasindikiza watoto mpaka ng'ambo. Mnataka nini tena, awabebe mgongoni? Wajitokeze tuwaone!"

"Ni rahisi," Mzee Mjema akasema. "Kila mmoja afungue kiganja. Aliyebaki na harage ni mwenzetu. Aliyebaki na mahindi, asimame atueleze."

Nakijwa akakaza ngumi. Punje ya mahindi ilikuwa imelowa jasho mkononi mwake. Angefungua kiganja, angeulizwa sababu. Angetaja sababu, jina la binti yake lingeshuka mlima mzima kabla jua halijazama. Alifikiria kuimeza ile punje. Aliinua mkono karibu na mdomo, kama anayetaka kupiga mwayo.

"Mwenyekiti," Mwalimu Mmbaga alisema, "niruhusu nianze mimi."

Akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akafungua kiganja.

Ndani kulikuwa na punje ya mahindi.

Baba Zefania akainuka.

"Mwalimu! Umejikataa mwenyewe?"

"Mimi pia ni mzazi hapa," Mwalimu Mmbaga alijibu. "Mwanangu Godlisten yuko kidato cha pili. Nimepewa punje mbili kama ninyi. Nilipofika pale kwenye kibuyu, mkuu wa shule alitaka kutia mahindi. Mzazi akamkatalia."

"Kwa nini?"

Mama Kaanaeli alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alitikisa kichwa. "Mwalimu, hilo tulikubaliana halisemwi."

"Nitalisema bila jina, mama."

Akawageukia wazazi.

"Mwaka huu kuna mtoto alikuwa anakuja shule na boksi ndani ya viatu. Soli zimekwisha, akakata boksi akatandika. Likilowa, anakata jingine. Tangu Januari mpaka Mei. Na mimi kila asubuhi nasimama mstarini nakagua. Nakagua kucha, nakagua nywele, nakagua kola. Soli sikuwahi kukagua hata siku moja. Mtoto ananipita kila siku, ananiamkia, namwitikia marahaba, na mguu wake uko chini kwenye matope. Hilo ndilo harage langu. Aliyemwona si mimi. Ni mpishi."

Wote wakamgeukia Mama Kaanaeli. Akaona haya, akaanza kukung'uta aproni.

"Si ujanja wangu," alisema. "Ni Ijumaa tu. Watoto wakideki huvua viatu mlangoni, nami hupita hapo nikiwapelekea kuku makombo. Viatu vikishavuliwa husema mambo ambayo mwenyewe hasemi."

"Sasa," Mwalimu Mmbaga akaendelea, "wanaomaliza kidato cha nne hutuachia viatu vyao. Mama huyu huvishona, huvipaka dawa. Ijumaa, watoto wakiwa ndani wanadeki, hubadilisha. Hakuna anayeitwa ofisini. Hakuna anayetajwa mstarini. Mtoto akitoka, anavikuta."

"Na saizi mnaijuaje?" akauliza mama mmoja wa mbele.

Mama Kaanaeli aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitita cha nyuzi za katani. Kila uzi ulikuwa na fundo moja.

"Nakipima kile kibovu kwa uzi, napiga fundo palipoishia kidole. Halafu natafuta kinacholingana. Ila uzee huu jamani, nyuzi nyingine nazisahau humo humo ndani ya kiatu."

Mkono wa Nakijwa ulikwenda wenyewe kwenye pindo la kanga. Akalipapasa. Fundo moja.

Nimevikuta mlangoni, mama.

Januari. Mwezi ule ndio aliojifungua huyu mdogo, ndani hakuna chochote, na Nietiwe kila asubuhi alitoka akisema, "Nimejiandaa, mama, usiamke." Hakuwahi kuomba viatu. Alikuwa anamsitiri mama yake kwa maboksi, na mama akamwita mwongo.

Machozi yakamshuka Nakijwa. Bibi aliyeketi pembeni yake, asiyemfahamu hata kwa jina, akadhani ni uchovu. Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto, mwanangu, upumue kidogo." Hakuuliza neno jingine. Akampokea mtoto, akaanza kumpigapiga mgongoni.

"Na harage la pili?" Mzee Mjema alikuwa hajasahau. "Viganja bado havijafunguliwa."

"Mwenyekiti," Mwalimu Mmbaga alisema, "wewe ndiye uliyekataa miandiko ili kura iwe siri. Mwenye harage la pili namshukuru. Kama kuna jambo lingine ambalo sijaliona, aje aniambie. Mlango wangu hauna kufuli."

"Kweli hauna!" Baba Zefania akadakia. "Uling'oka na kitasa chake mwaka juzi!"

Kicheko kikajaa darasa, na viganja vikabaki vimefumbwa.

Watu walipotoka kwenda kupanga foleni ya makande, Nakijwa alimfunga mtoto mgongoni tena, akapitia mlango wa nyuma wa jiko. Mama Kaanaeli alikuwa anakoroga sufuria kubwa ya pili, iliyobandikwa punde, na ungo wenye punje zote za kura uko pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Foleni iko kule mbele, mama mtoto."

"Sikuja kula." Nakijwa akafungua pindo la kanga, akautoa uzi. "Nadhani huu ni wako."

Mama Kaanaeli akaupokea, akaupima kwa vidole vyake, akamtazama Nakijwa usoni. Hakuuliza ameutoa wapi. Aliuliza tu, "Mguu wake unakua?"

"Unakua."

"Basi Januari tutaongeza nusu kidole."

Nakijwa akajifuta macho kwa pindo la kanga. Kisha akasema, "Mama, lile harage la pili ni langu. Naomba nilitoe."

"Ulitoe?" Mama Kaanaeli alizimwaga punje zote za kura ndani ya sufuria, mahindi na maharage pamoja, akakoroga. "Limeshaingia. Tena acha liive. Mahindi matupu yangekuwa makande gani?"

Nakijwa akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Kisha akaidondosha na ile punje ya mahindi iliyokuwa imebaki kiganjani, akaupokea mwiko.

Alipofika nyumbani alimkuta Nietiwe amekaa kizingitini, begi la safari ya Tanga liko miguuni pake, nguo zimekunjwa vizuri moja moja.

"Fungua begi hilo," Nakijwa alisema.

"Kwani nimesahau nini, mama?"

"Hujasahau kitu. Toa sare uifue, ikauke kesho. Jumatatu ni shule."

Nietiwe hakusogea. Alimtazama mama yake kama mtu anayeogopa kupokea kitu kisije kikaondolewa tena.

Nakijwa akaketi karibu yake kizingitini. "Uliniambia kweli, mwanangu. Mimi ndiye sikuwa na masikio. Nisamehe."

Mtoto akaegemeza kichwa begani kwa mama yake. Wakakaa hivyo mpaka mdogo alipoamka na kuanza kudai haki yake.

"Mama," Nietiwe akauliza baadaye, akiwa na sare kwenye beseni, "kwani nani aliviweka?"

Nakijwa akamkumbuka Mama Kaanaeli akitikisa kichwa pale mlangoni. Hilo halisemwi.

"Viliota," alijibu.

Miaka mitatu baadaye, Ijumaa ya mwisho ya kidato cha nne, Nietiwe alirudi nyumbani na kandambili. Viatu vyake, vimepakwa dawa mpaka vinang'aa, alikuwa ameviacha mlangoni mwa darasa.

Funzo: Shule ya kuridhika nayo si ile isiyokosea, bali ile inayomtazama mtoto wako mpaka miguuni, nawe mzazi, kabla hujamhukumu mwanao kwa alicholeta nyumbani, sikiliza kwanza alichokuambia.