Muhuri wa Bwana Singano

Muhuri haugongwi ngozini. Mmeisikia leo sokoni, muuza mitumba akimwambia mteja aliyesifia kiatu bila kukigeuza soli, na sasa mmenijia mbio mkitaka kujua ilitoka kwa mababu gani. Mababu! Methali hii ina umri mdogo kuliko nyie. Ilianzia Korogwe, kwa mkaguzi mmoja wa nyama, na ilianza hivi. Kaeni vizuri. Na wewe weka simu chini, ingawa habari yenyewe ni ya simu.

Bwana Singano alikuwa mtu wa machinjioni miaka ishirini na miwili. Kila alfajiri, ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, yeye alishika kisu chake, akapasua ini kutafuta minyoo, akakata tezi, akabinya mapafu, akanusa. Akiridhika ndipo alipogonga muhuri wa wino wa zambarau kwenye nyama. Mji mzima ulikula kwa muhuri ule bila wasiwasi. Naye alijijua, hata mwendo wake barabarani ulikuwa wa mtu mwenye muhuri mfukoni.

Basi mwaka huo watoto wa mtaani kwake walishikwa na katuni za mtandaoni. Mbili ndizo zilizovuma. Moja iliitwa Bibi Mapembe: kizee kina pembe mbili kichwani, meno ya mbele hakina, kinafokea watoto tangu picha ya kwanza. Nyingine iliitwa Ua la Moyo: maua, vipepeo, na msichana wa shule mwenye macho makubwa na sare iliyopigwa pasi ikanyooka. Wazazi wakaingiwa na hofu. Huyu anasema zinafundisha uchawi, yule anasema zinafundisha uvivu, na hakuna hata mmoja aliyezisoma. Kwenye kikao cha wazazi, balozi wao wa nyumba kumi, Mzee Mhina, akakata shauri.

"Kwani tunahangaika nini, jamani? Mkaguzi tunaye. Bwana Singano akague. Akipitisha, watoto wasome. Akikataa, basi."

Loo, Bwana Singano alivyofurahi! Jioni ile aliazima simu ya mkewe, Mama Zawena, akavaa miwani. Akaona pembe za bibi. "Haifai!" Akaona maua na vipepeo. "Hii safi." Kazi imekwisha. Zawena, binti yao wa miaka kumi na mmoja, alijaribu kusema neno: "Lakini baba, Bibi Mapembe yeye..."

"Nimeshagonga muhuri, mwanangu."

Bibi Mapembe ikapigwa marufuku mtaa mzima, na Ua la Moyo ikasomwa kila nyumba.

Mwezi haukupita. Zawena yule aliyekuwa akirudi shule anamwaga habari zote, nani kalala darasani, nani kaibiwa kalamu, akawa kimya. Baba akiingia, simu inafunikwa. Akiulizwa, hamna kitu. Bwana Singano hakuwahi kumwogopa fahali, lakini ukimya ule aliuogopa, nisiwafiche. Hata chakula kilimshinda. Jumamosi moja akajikaza, akaketi mkekani karibu na bintiye.

"Zawena, mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, baba."

"Mbona siku hizi huniambii chochote?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, wala hakuwa na ujeuri. "Si ndiyo adabu, baba? Kwenye Ua la Moyo, yule kaka mkubwa anamwambia yule msichana, Lulu, kwamba anayependwa kweli hawaambii wazazi. Lulu akinyamaza anapewa zawadi, na kila mtu anamsifu. Na wewe ndiye uliyeipitisha."

Mama Zawena alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani.

"Kuna mtu amekwambia unyamaze?" akauliza.

"Hakuna, mama. Nilikuwa najizoeza tu."

Wazazi wakashusha pumzi. Kisha Mama Zawena akamgeukia mumewe. "Haya, mkaguzi! Ng'ombe wa watu unampasua mpaka ini. Katuni ya mwanao umeitazama ngozi, ukagonga! Hebu niambie, kule machinjioni umewahi kugonga muhuri ngozini?"

"Sijawahi."

"Basi tupasue."

Wakakaa watatu mkekani, simu katikati, wakaanza Ua la Moyo tangu mwanzo. Bwana Singano aliuliza kama mtu aliye kazini. Hapa anayesifiwa ni nani, na amefanya nini mpaka asifiwe? Huyu anayelia, kuna anayemhurumia? Wewe ukisoma hapa unatamani kuwa nani? Zawena alijibu, akafikiri, akajibu tena, na walipofika sehemu ya tisa ni yeye mwenyewe aliyesema, "Kumbe huyu kaka si mtu mzuri!"

Ndipo wakafungua Bibi Mapembe. Masikini bibi wa watu! Alikuwa akifoka kwa sababu watoto walikuwa wanamfuata mtu wasiyemjua aliyewaahidi pipi. Akawashika masikio, akawakokota mmoja mmoja mpaka kwa mama zao, huku akigombana na mbuzi njiani. Bwana Singano alicheka mpaka miwani ikaanguka. Penye mtoto mnene anayeitwa gunia akakunja uso. "Hapa pabovu," alisema. "Tunakata kipande hiki, nyama nyingine nzima." Zawena akakubali kwamba si vizuri kumwita mwenzio gunia, na papo hapo akaanza kueleza nani wa darasani kwao anaitwa hivyo. Baba yake alisikiliza habari ile kwa furaha utadhani ameletewa pilau.

Lakini kikao kilikuwa kinamngoja. Miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kuufuta muhuri wake. Jumapili akasimama mbele ya wazazi.

"Ndugu zangu, nilikosea. Niligonga muhuri ngozini."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Mhina akapangusa macho. "Haya, tumekusamehe. Tutajie nzima na mbovu, tuandike, twende zetu."

"Sitaji, mzee wangu. Nilisoma na Zawena, nikaona kilichomwingia Zawena. Kilichomwingia wa kwako mimi sikijui. Kaa naye, muipasue katuni wote wawili, mpaka ini."

"Muda huo tutautoa wapi, Bwana Singano?"

"Ng'ombe nisiyemjua hata mmiliki wake nampa nusu saa kila alfajiri," alisema Bwana Singano. "Mwanangu sikumpa dakika tano."

Hapo hakucheka mtu. Waliondoka mmoja mmoja, kila mzazi akielekea kwake kumtafuta mwanawe. Na tangu siku hiyo, Korogwe, mtu akikipitisha kitu au akikikataa kwa sura yake tu, huambiwa: muhuri haugongwi ngozini.