Hewa Katika Bomba la Mbaruku

Bwana Mbaruku, mwenye nyumba wa tumbo mbele na akili nyuma, aliikaza koki ya mpangaji wake Mwatima ili maua yake yeye yashibe maji. Mwatima akakinga matone bila kulalamika, hata Mbaruku alipofanya karamu akaingia jikoni kwake kumwoshea vyombo. Kesho yake bomba la jikoni kwa Mbaruku likawa linadondosha matone tu. Akamwita Mwatima jikoni.

"Marehemu mumeo alikuwa fundi bomba. Hili lina nini?"

"Hewa, bwana. Imenaswa kwenye koki yangu uliyoikaza. Ifungue yote."

Mbaruku akakimbilia uani kuifungua. Huku nyuma Mwatima akafungua kichujio cha mdomo wa bomba, akakung'uta mchanga alioutia mwenyewe siku ya karamu, akakirudishia. Maji yakafoka.

Mbaruku akarudi ametanua kifua. "Nimeitoa."

"Umeitoa, bwana. Ila ukiikaza tena koki yangu, hewa itarudi."