Kaa Aliyeziba Mlango Siku ya Maonyesho

Paukwa!

Pakawa!

Huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko wote.

Hapo kale, kale ya mbali, palikuwa na kaa mdogo, mdogo kama kifungo cha shati. Jina lake Sikudhani. Aliishi shimoni ufukweni, pale ambapo maji yakijaa yanafunika, yakipwa yanaacha mchanga wazi.

Kazi yake ilikuwa moja. Anachota mchanga, anautia kinywani, anakula kilichomo. Unaobaki anauviringisha kitonge, anauweka chini, pu. Anachota tena, pu. Anachota tena, pu. Msimshangae, kaa wa jamii yake wote hula hivyo. Ila wenzake waliviacha vitonge vyao ovyo ovyo, na Sikudhani alivipanga. Vikubwa huku, vidogo kule, mstari huu umenyooka, ule umepinda kidogo. Akimaliza anatazama, moyo unamjaa furaha. Kisha maji yanarudi, vwaa, yanafuta yote. Hakuna aliyewahi kuiona kazi yake, na yeye ndiye aliyetaka iwe hivyo, maana aliogopa.

Sasa sikilizeni desturi ya ufukwe ule. Kila bamvua, maji yanapokupwa mpaka mbali kabisa, wanyama walifanya maonyesho. Siku hiyo hakuna aliyemla mwenzake. Kesho yake je? Ya kesho yake msiniulize. Aliyeongoza msafara alikuwa Bi Kasa, mwenye gamba pana kama sinia la harusi. Akifika penye kazi ya mtu anasimama, anauliza: "Mwenye kazi ni nani, na alianzia wapi?" Mwenyewe akijibu, wote wanaizunguka kazi yake kwa heshima. Akiulizwa mara tatu asijibu, basi pale ni njia kama njia nyingine, na msafara unapita juu yake. Na uzito wa Bi Kasa mnaujua.

Bamvua kumi na mbili zilipita, Sikudhani hakusema kitu. Ya kumi na tatu, jirani yake Konokono alipita mlangoni, akaviona vitonge, akasimama mpaka ute ukamkaukia. Hakuomba ruhusa. Akajikokota moja kwa moja hadi kwa Bi Kasa, akaandikisha jina la Sikudhani.

Sikudhani aliposikia, alimgombeza Konokono vibaya sana. Alipochoka kugombeza akaingia kazini. Siku hiyo alifanya kazi kuliko siku zote. Mistari ilitoka mlangoni pake ikaenda pande zote, kama miali ya jua, vitonge elfu na zaidi. Pu, pu, pu. Hata njaa ilipokwisha aliendelea kuviringisha. Alijua kabisa kwamba hii ni nzuri. Alitamani ionekane, alitamani sana, na hapo ndipo miguu ilipoanza kutetemeka. Tetetete. Miguu minane yote.

Mara kivuli kikapita mchangani. Lo, Sikudhani akazama shimoni, akavuta donge la mchanga, akaziba mlango, kwi. Kivuli chenyewe kilikuwa cha Konokono tu, amekuja kumtakia heri.

Akiwa chini gizani, Sikudhani alisikia kila kitu. Alisikia kishindo cha Bi Kasa, kuu, kuu. Alisikia msafara umefika kwa Kitwitwi, ndege mwenye miguu myembamba, aliyechora kwa nyayo zake. Kitwitwi akajibu haraka haraka kwamba alianzia kwenye jiwe jeusi, wakamzunguka, wakamsifu. Halafu kwa Mnyoo, aliyerundika mchanga mfano wa kamba. Naye akajibu, wakamsifu. Kisha kuu, kuu, kuu, mchanga wa darini ukaanza kumdondokea Sikudhani kichwani.

"Mwenye kazi ni nani, na alianzia wapi?" Bi Kasa akauliza.

Kimya.

Wanyama wakaanza kunong'ona. Kitwitwi alisema vitonge ni vizuri, lakini haelewi vinakwenda wapi. Mnyoo akasema kazi haina katikati, macho yanatangatanga tu. Sikudhani aliyasikia hayo yakamchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Katikati ya kazi ile ni mlango, na mlango ameuziba mwenyewe.

"Mwenye kazi ni nani, na alianzia wapi?"

Kimya. Huko mbali maji yalikuwa yameshageuka, yanarudi polepole.

Konokono akainamia lile donge, akasema kwa sauti ndogo, "Shoga, unanisikia?"

"Nasikia. Waambie waende. Miguu inatetemeka."

"Mingapi?"

"Minane yote."

"Basi toa mmoja. Hiyo saba iache ndani itetemeke. Mimi mwenyewe nikitoka kwangu natoa pembe moja kwanza, nikiona dunia ingalipo ndipo natoa ya pili."

Sikudhani akaukasirikia ushauri ule, lakini akauwaza. Mguu mmoja. Mguu mmoja anauweza.

"Kwa mara ya mwisho," Bi Kasa akasema, "mwenye kazi ni nani, na alianzia wapi?" Akangoja. Akapumua, hufff, akauinua mguu wake wa mbele, mpana, mzito, ukaning'inia juu ya mstari wa kwanza.

Donge likasogea.

Ukatoka mguu mmoja, mwembamba kama unywele. Unatetemeka, tetetete. Bi Kasa akaubakiza mguu wake hewani. Ukatoka mguu wa pili. Likatoka jicho moja, likachungulia, likaona umati mzima, likarudi ndani. Likatoka tena, safari hii na mwenzake. Miguu mingine nayo ikafuata, inatetemeka vilevile, na Sikudhani akawa amesimama mlangoni pake mbele ya ufukwe wote.

Alikuwa ametunga hotuba ndefu tangu asubuhi. Yote ikamtoka kichwani. Akabaki na neno moja, akalisema akiuelekeza mguu chini.

"Hapa."

Wakatazama hapo. Wakaona mlango mweusi katikati, wakaona mistari yote inatoka pale na kurudi pale, kila kitonge mahali pake. Sauti ikapanda, aaah, ikapita umati mzima. Wakaanza kuzunguka, huyu anamvuta yule, njoo uone huku, hapana, njoo uone huku. Kitwitwi alizunguka mara tano. Bi Kasa naye, na uzito wake wote na maji yanamfuata nyuma, alishusha mguu pembeni, akaifuata njia ndefu ya kuzunguka, akakanyaga kwa uangalifu mpaka mwisho. Sikudhani alifurahi mpaka akasahau kuvuta pumzi.

Kitwitwi akamsogelea. "Hii nakshi ya mlangoni, hii ya mikwaruzo midogo midogo, ndiyo nimeipenda kupita zote. Uliichora vipi?"

Sikudhani akatazama chini. Ni pale alipokuwa amesimama, na miguu ilikuwa ingali inatetemeka. Tetetete.

"Hiyo," akasema, "ndiyo naichora sasa hivi."

Maji yakaja, vwaa, yakafuta yote. Sikudhani akaingia ndani akicheka peke yake. Bamvua iliyofuata akaonyesha tena. Miguu ikatetemeka tena, minane yote. Akatoa mmoja kwanza.

Wakubwa na wadogo, funzo ni hili: ukiwa na kazi yako ya kuonyesha, usingoje woga uishe ndipo utoke. Toka nao, kidogo kidogo, maana ukijificha unaificha na kazi yenyewe.

Ngano yangu maji yameifuta hapo. Mwenye yake na atoe mguu mmoja, tumsikilize.