Msemaji wa Somoe

Sogeeni niwape kisa cha Somoe, muuza vitumbua. Jumbe Mfaume alimshtaki kuwa kamwibia mbuzi, na mwamuzi akawa yeye huyo huyo Jumbe. Akishindwa, Somoe afukuzwe mji.

"Jumbe, mshtakiwa hapewi msemaji?"

Jumbe akacheka. "Chagua umtakaye. Nani atathubutu?"

"Mkeo, Bi Tausi."

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Tausi akajisogeza. "Haya mwanangu, nieleze yote, nipate la kusema."

"Nakueleza, mama. Alfajiri nilimwona mtu akimvuta yule mbuzi, akabisha hodi kwa mjane mmoja, mjane akafungua mlango kajifunga kanga moja tu..."

Jumbe akaruka kitini. "Kesi imekwisha! Mbuzi wangu kapatikana!"

Somoe akajitwika sinia lake. Nyuma akamsikia Bi Tausi:

"Kapatikana wapi, baba watoto?"