Ajira Moja ya Mkongea

Tulieni niwape kesi, maana mahakimu mko wengi hapa na kazi hamna.

Uwanja wa Mkongea ulikuwa na kampuni yenye ndege moja kuukuu na watu watatu wa maana. Fundi Sikujua alijaliwa masikio: injini ikikohoa tu, anajua inaumwa wapi. Kapteni Mhoza alijaliwa mikono isiyotetemeka, na majivuno ya kuwatosha marubani kumi. Lugendo alijaliwa miguu. Kazi yake kufukuza ng'ombe uwanjani ndege isije ikawavaa. Wa nne alikuwa mkurugenzi, Bwana Kilasara. Huyo alikuwa na tai.

Januari wakaguzi wakatangaza: ajali moja tu mwaka huu, leseni inafutwa.

Machi, Sikujua akasikia injini inakwaruza. Akagoma kutia saini ya kuruhusu ndege iruke.

"Abiria wameshakaa!" Kilasara akafoka. "Mwanamke mzima unaogopa kelele?"

"Basi saini wewe, bosi."

Ghafla bosi akapigiwa simu. Injini ilipofunguliwa, bomba la mafuta lilikutwa na ufa.

Julai, tairi la kushoto likapasuka ndege ikiruka. Mhoza akazunguka angani kupunguza mafuta, akatua kwa tairi la kulia, la kushoto akalishusha mwishoni kabisa. Hakuna aliyechubuka. Sikujua akamshukuru Mungu, kisha akakasirika, maana jamaa alishuka anachana nywele! Mxiu!

Novemba, Sikujua mwenyewe akiwa kiti cha nyuma, ndege inashuka, ng'ombe arobaini hao wakaingia uwanjani. Lugendo akakimbia na fimbo mbele ya ndege mpaka wa mwisho akatoka. Ng'ombe wa nani? Wa baba yake mkubwa! Kila asubuhi Lugendo alikuwa akiwaachia wale majani ya uwanjani, eti ndugu ni ndugu.

"Mnafiki wewe," Sikujua akamwambia aliposhuka. "Lakini asante."

Desemba, leseni ikapona. Kilasara akaita kikao, akajipongeza kwanza kwa uongozi bora, kisha akasema, "Ajira ya kudumu ni moja. Wawili mikataba yenu imekwisha."

"Bila mimi mngezika watu," akasema Mhoza.

"Na bila mimi ungezikwa wewe, Kapteni," akajibu Lugendo.

Sikujua akapiga hesabu yake. Miaka tisa ya mikataba ya miezi sita sita! Akitoka hapo, ni kwenda kutengeneza mashine ya kusaga ya shemeji yake, anayemcheka kila sikukuu. Aliwadharau wote wawili, lakini uongo hakuujua: kila mmoja alikuwa ameiokoa leseni mara moja, sawa na yeye.

Kilasara akatazama saa. "Fundi, wewe ndiye wa siku nyingi. Taja jina moja, mimi nina safari."

Hata hilo lilimshinda, mtu mzima na tai yake!

Sikujua akawatazama wenzake, nao wakamtazama. Akijitaja, anawafukuza watu wawili kwa kinywa chake, na mmoja wao ndiye aliyemfanya awe hai siku ile ya ng'ombe. Akimtaja mwingine, anajifukuza mwenyewe.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu: mngekuwa Sikujua, mngemtaja nani?