Fomu Iliyouliza Namba

Tangu barabara kuu ihamishwe, uchochoro wa fundi viatu ulipoa hata paka hakatizi. Viatu vya ngozi alivyovishona kwa mkono wake vilishika vumbi rafuni. Chumba cha karakana kilikuwa cha kaka yake, naye alikwisha kusema: mwezi ukiisha bila wateja, dada afunge kazi, akauze mabati dukani kwake.

Fundi huyo hakuwa mwanamke wa kukunja mikono. Alipiga picha viatu vyake, akafungua tovuti, akajifunza mwenyewe kuweka kitufe cha "Nunua" na fomu ya oda: jina, mahali, namba. Watu walitazama, wakabofya kitufe, wakaishia hapo. Oda hata moja haikuingia! Wiki ya tatu ikaingia, mwezi unayoyoma.

Wa kumsaidia alikuwa mmoja tu, wifi yake, mtengenezaji wa tovuti. Taabu ni kwamba mwaka uliopita, mbele ya ukoo mzima, fundi alimcheka: "Kubofyabofya nako ni kazi? Kazi ni jasho!" Tangu siku hiyo salamu zao zilikuwa za kuhesabika. Siku tatu fundi alizunguka na kiburi kimemkaba kooni. Ya nne akakimeza, akaenda kupiga hodi.

"Wifi, nilikukosea. Hiyo kazi yako imenitoa kamasi. Naomba unielekeze."

"Kumbe kubofya nako kuna jasho?" wifi akamtania, huku akimvutia kiti.

Wifi alifungua tovuti kwa simu yake, akajaza fomu kama mteja. Penye "Namba" akaandika namba ya simu. Fomu ikamjibu kwa maandishi mekundu: "Namba si sahihi."

"Wifi, hii ni namba ya nini?"

"Ya kiatu! Nimeiwekea tarakimu mbili tu, mtu asije akaniandikia mia nne. Kwani kuna namba nyingine?"

Wifi alicheka hadi machozi. "Kwa fundi viatu, haipo. Mteja anakupa simu yake, unamwambia si sahihi. Ungekuwa wewe ungerudi?"

Fundi aliona aibu, kisha akacheka naye. Wifi aliponyoosha mkono kurekebisha, fundi alimzuia. "Niache mimi. Afadhali nikosee mbele yako." Akaigawa nafasi ile kuwa mbili: namba ya kiatu, namba ya simu. Alikosea mara mbili, ya tatu ikakubali.

Asubuhi iliyofuata oda nne zilikuwa zikimngoja. Mwezi ulipoisha, ngozi yote ilikuwa imemwishia, na kaka alipokuja kutaka jibu aliambiwa, "Kaka, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Asingejishusha mlangoni kwa wifi yake, leo angekuwa anauza mabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.